Nilinunua spika nisikie muziki, sasa nasikiliza spika

Shikamoo Fundi,

Nina miaka 43, nina mke na watoto wawili. Muziki naupenda tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliusikiliza kwa chochote kilichokuwepo: redio ya betri, kanda zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine, baadaye simu na vispika vya kompyuta. Sikuwahi kulalamika. Miaka mitatu iliyopita nikasema sasa nami nijitendee haki, nikanunua amplifaya na spika mbili za maana, zile za kusimama sakafuni. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mtoto. Nyimbo zote nilizozijua nilizirudia upya. Nilisikia kinanda ambacho miaka yote sikujua kama kimo. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti.

Kisha nikaanza kusoma. Niliingia mtandaoni kutafuta namna ya kupanga spika tu, nikakutana na watu wanaojua mambo mengi sana, na kila jambo nililojifunza kwao nililisikia jioni yake likiwa kasoro nyumbani kwangu. Nikabadilisha nyaya. Usiku uleule nikasikia tofauti kubwa, kama mtu kaondoa pazia mbele ya spika. Kesho yake sikuisikia tena, nikabaki najiuliza kama niliiota. Nimeshauza amplifaya mbili, hii niliyonayo ni ya tatu, na kuna ya nne nimeiona.

Hali ilivyo leo ni hivi. Besi inanguruma, tena si besi yote: ni nota moja tu inayovimba na kujaza chumba, nyingine zinapita salama. Herufi "s" za waimbaji zinachoma masikio. Usiku watoto wakishalala, nikikaa nisikilize kwa utulivu, sauti inakuwa nyembamba, haina uzito kabisa. Nimeambiwa huenda ni umeme mchafu na kwamba kuna kifaa cha kuusafisha. Sebule ina mita tano kwa tatu na nusu. Spika ziko kwenye pembe mbili za ukuta mrefu, na mimi hukaa kwenye kochi lililoegemea ukuta wa upande wa pili. Sakafu ni vigae vitupu.

Siku hizi sina nyimbo ninazozisikiliza. Nina nyimbo nne za kupimia. Ninajua kwa sekunde mahali ambapo toazi linapigwa na mahali besi inashuka. Nasikiliza nusu dakika, nainuka, nasogeza spika upana wa kidole, narudi kukaa.

Kilichonifanya nikuandikie ni jambo la mwezi uliopita. Mke wangu aliingia sebuleni nikiwa nimefungulia, kwa mara moja moja, wimbo ambao si wa kupimia. Ni wimbo tulioupenda wakati wa uchumba. Akaanza kuimba. Fundi, nikamnyanyulia mkono anyamaze, kwa sababu nilikuwa nasikilizia kama mkwaruzo uko spika ya kushoto au ya kulia. Akanyamaza. Akasema, "Ukimchunguza sana bata humli," akaenda jikoni. Tangu siku hiyo haimbi sebuleni. Anasikiliza nyimbo zake jikoni kwa simu, kaisimamisha ndani ya bilauri ili isikike, na anaimba hukohuko. Namsikia ana furaha, na ukweli ni kwamba inaniudhi. Vyombo vyote hivi nimenunua mimi, lakini anayefurahia muziki ni mwenye bilauri.

Je, niuze kila kitu? Au masikio yangu ndiyo yameharibika? Na hiyo amplifaya ya nne, unanishauri vipi?

Masikio Yamechoka

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na ile nota inayovimba, maana nadhani nalijua jina lake.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Kuta mbili zinazotazamana huwa na nota yao zinayoipenda, ile ambayo nusu ya wimbi lake inaenea sawasawa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kutoka ukuta wa spika zako mpaka ukuta wa kochi ni mita 3.5, kwa hiyo wimbi zima ni mita 7. Gawa 343 kwa 7, unapata hezi 49, yaani mitikisiko 49 kwa sekunde. Sasa chukua gitaa la besi la nyuzi nne. Uzi wake mnene kuliko yote, ukipigwa wazi, unatoa nota iitwayo E, ya hezi 41. Panda nafasi tatu kwenye uzi huohuo, unafika G, na G hiyo ni hezi 49. Kila mpiga besi anapogusa hapo, sebule yako inaitikia kama kibwagizo. Akishuka au akipanda kidogo, chumba kinanyamaza. Ndiyo sababu unasikia nota moja inavimba na nyingine zinapita salama. Masikio yako hayajaharibika hata kidogo; yamekuletea habari sahihi, wewe ukawapelekea mashitaka wasiohusika.

Wimbi la namna hiyo huwa na nguvu zaidi penye kuta na hafifu katikati ya chumba. Wewe umezisimamisha spika pembeni, mahali panapoamsha wimbi hilo kuliko pengine popote, kisha ukaenda kuegemeza kichwa kwenye ukuta wa pili, mahali linaposikika kuliko pengine popote. Ungeniomba nikupangie chumba cha kuitesa G, nisingekupangia tofauti.

Usinichukulie kwa imani tu. Fungulia wimbo wenye nota hiyo, inuka kwenye kochi, tembea polepole mpaka katikati ya chumba, usimame. Utaisikia ikinywea. Rudi ukutani, itavimba tena. Amplifaya ni ileile, waya ni uleule, umeme ni uleule. Nilipokuwa kazini nilikuwa nawafanyia wanafunzi wangu mchezo huo siku ya kwanza kabisa, kabla hawajagusa mtambo wowote, na wengi walicheka kwa mshangao. Mmoja alikasirika. Alikuwa ametoka kununua spika mpya.

Basi vuta kochi mbele, likae mita moja kutoka ukutani kama nafasi inaruhusu. Toa spika kwenye pembe. Sasa zimeachana karibu mita tano, nawe uko mbali nazo kiasi ambacho mwimbaji hawezi kusimama katikati. Ndiyo maana ulikuwa unazisogeza kidole kimoja kimoja usipate kitu. Zisogeze nusu mita mbele ya ukuta wa nyuma yake, zisogeleane, mpaka umbali kati yao ulingane na umbali kutoka kila moja hadi kichwani kwako. Twita, kile kispika kidogo cha juu, kiwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa. Ile G itapungua. Haitaisha, maana kuta bado zipo, ila itaacha kuwa mgeni rasmi wa kila wimbo.

Zulia halitakusaidia kwa nota hiyo. Wimbi la mita saba halijui kama kuna zulia. Wala usinunue sponji nyembamba za kubandika ukutani kwa ajili ya besi. Lakini zulia litasaidia kwa hizo "s" zinazochoma, pamoja na pazia zito na rafu ya vitabu, kwa kuwa sauti kali za juu hugonga vigae vyako na kurudi masikioni kama mwangwi mfupi. Ukigeuza spika kidogo ili twita zisikulenge usoni moja kwa moja, zitalainika zaidi. Kinachobaki baada ya hapo kimo ndani ya rekodi yenyewe. Tangu miaka ya 1990 rekodi nyingi zimekuwa zikibanwa, yaani sehemu tulivu zikisogezwa karibu na zenye kelele, na kupandishwa sauti ili zishindane kwa kelele, na rekodi iliyobanwa hivyo haina amplifaya ya kuitibu. Iache ilivyo.

Sasa hili la usiku limenichekesha, samahani. Umeniandikia mwenyewe kwamba watoto wamelala. Je, watoto wakilala unafanya nini kwenye kitufe cha sauti? Unashusha. Mwaka 1933 wanasayansi wawili wa Marekani, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote, yaani sauti nene na nyembamba, kwa usawa, na kwamba kadiri sauti inavyoshuka ndivyo besi inavyotupotea upesi kuliko sauti za kati. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, wimbo unakonda. Hata ungekuwa na umeme uliochujwa mara saba ungekonda. Ndiyo maana amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na kitufe cha kuongeza besi kwa ajili ya usikilizaji wa sauti ya chini. Kama yako ina kirekebishi cha besi, usiku kipandishe kidogo bila kuona aibu. Najua mtandaoni umeambiwa kugusa kirekebishi ni dhambi. Kilitengenezwa kiguswe.

Nakuja kwenye nyaya. Wewe si mwongo na wala hukuota. Tofauti uliisikia kweli, ila haikutoka kwenye waya. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wataalamu wa spika, waliwaketisha watu wazipe alama spika zilezile mara mbili: mara moja wakiziona, mara nyingine zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Walipoziona, ukubwa wa spika na sifa zake viliingia kwenye alama. Pazia lilipowekwa, baadhi ya tofauti hizo zikafifia. Tunasikia kwa ubongo, na ubongo huingia kwenye shauri ukiwa umeshasoma faili. Tena sauti ikipanda kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kusema "imepanda", utaiona kuwa "safi zaidi". Ukichomoa waya, ukachomeka mwingine, ukarudisha sauti kwa kukisia, umeshaharibu kipimo.

Ukitaka kujua ukweli kuhusu nyaya hizo, mwombe mtu abadilishe bila wewe kuona wala kujua, kwa kurusha sarafu, mara 16, bila kugusa kitufe cha sauti. Kila mara andika unadhani ni upi. Ukipatia mara 12 au zaidi, nitakuvulia kofia, maana kwa kubahatisha tu mtu hufika hapo chini ya mara nne katika mia. Ukipatia nane au tisa, basi una waya wa shaba kama waya mwingine wa shaba. Kwa umbali wa sebuleni, waya wa unene wa milimita za mraba 2.5 uliobanwa vizuri kwenye ncha zote mbili unatosha. Nimeona watu wakihangaikia jina la waya huku skrubu imelegea.

Mpaka hapa utaona sikukwambia uache kuchunguza. Mkeo kakupa methali ya bata, nami naipenda, lakini wapo watu wanaolipwa kumchunguza bata kabla hajafika mezani, na kwa miaka thelathini na kitu nilikuwa mmoja wao. Swali ni kama uchunguzi wako una mahali unapoishia.

Nikupe mfano. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mjerumani mmoja, Karlheinz Brandenburg, alikuwa akishughulikia hesabu za kubana sauti ili faili lake liwe dogo, ambazo baadaye zilizaa MP3. Alikutana na wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke peke yake bila ala, na mbinu zake zikaiharibu sauti ile vibaya. Akaurudia wimbo huo tena na tena, anarekebisha, anasikiliza, anarekebisha. Hebu fikiria adhabu hiyo. Lakini yeye alikuwa na swali moja: je, sauti hii ikibanwa bado inasikika kama yenyewe? Swali lilipopata jibu, aliinuka kitini. Wewe hujajiuliza swali lolote kwa miaka mitatu. Unakaa kwenye kochi ukisubiri kasoro ijitokeze, na mtu anayesubiri kasoro halali njaa. Chumba, rekodi, jirani na jokofu watamletea.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Kuna wakati nilikuwa siwezi kukaa mahali penye watu wanaoimba bila kutafuta kwa macho spika iko wapi na nani kaiweka vibaya. Nyumbani sikuwa na mtambo wowote wa maana. Nilikuwa na redio ndogo yenye spika iliyochanika, na nilipokuwa nayo masikio yangu yalijua kwamba yako likizo, kwa sababu hapakuwa na cha kukagua. Wenzangu walinicheka: fundi mitambo mwenye redio ya kuchanika! Lakini kila Jumatatu nilirudi kazini nikiwa bado naupenda muziki, na si wote walioweza kusema hivyo.

Ndipo nafika kwenye bilauri.

Spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Haina uwezo wowote wa kutoa hezi 49. Ile G inayokutesa sebuleni, kule jikoni haipo kabisa hewani. Ungepima kwa chombo usingeiona. Bilauri nayo haiiongezi, inachofanya ni kukuza sauti za kati, hapo inapokaa sauti ya mwimbaji. Sasa jiulize: kwa nini mkeo anapoimba anaifuata besi bila kukosea? Nota yoyote ya besi haiji peke yake. Juu ya 49 kuna 98, kuna 147, kuna 196, na kuendelea, ngazi baada ya ngazi. Simu inatoa zile ngazi za juu tu, na ubongo ukisikia jinsi zilivyopangana unaijua ngazi ya chini iliyokosekana na kuiweka yenyewe. Wataalamu wa usikivu wamelijua jambo hili kwa muda mrefu, na ndilo lililofanya sauti nzito ya mwanamume itambulike kuwa nzito kwenye simu za zamani ambazo zilikuwa zinakata kila kitu chini ya hezi 300.

Kwa hiyo nyumba yenu moja ina G mbili. Ya kwako ipo, imejaa tele, nawe unapigana nayo. Ya mkeo haipo, anajitengenezea mwenyewe, na anaimba juu yake. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, miaka michache tu baada ya maikrofoni kuanza kutumika studio mwaka 1925, na sahani za santuri za enzi hizo zina mkwaruzo kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Anayezipenda husikia mvua ile kwa dakika moja, kisha haisikii tena. Ubongo unaojaza besi iliyokosekana ndio huohuo unaofuta mkwaruzo, lakini haufanyi kazi hiyo ukiwa umeusimamisha zamu ya ulinzi.

Sitakwambia uuze. Vyombo vyako ni vizuri, na kile kinanda ulichokisikia wiki ya kwanza kilikuwa furaha ya kweli. Kama umegundua pia kwamba unapenda mitambo kwa ajili ya mitambo, kama wengine wanavyopenda kufungua saa na kuitazama inavyozunguka, hakuna ubaya. Ni burudani kama burudani nyingine. Ila itenge. Chagua siku moja, chukua utepe wa kupimia, hamisha kochi na spika kama nilivyokueleza, cheza nyimbo zako nne kwa mara ya mwisho, andika kwenye karatasi kilichobadilika. Bandika alama za tepu sakafuni zilipo spika ili siku zikisukumwa na watoto uzirudishe bila kuanza upya. Kisha nyimbo hizo nne zipe mapumziko marefu. Umeshaziua, huenda baada ya mwaka zitafufuka.

Siku nyingine zote, rimoti iwe mbali na mkono wako. Wimbo ukianza, uache uishe, hata ukiwa na "s" za kuchoma. Usikae muda wote kwenye ile nafasi ya katikati. Kunja nguo, au kaa chumba cha pili mlango ukiwa wazi, ambako hakuna kulia wala kushoto. Sikiliza nyimbo usizozijua, kwa maana wimbo usioujua huwezi kuukagua, hujui unapaswa kuwaje.

Kuhusu masikio ya miaka 43: tunazaliwa tukisikia hadi karibu hezi 20,000, na juu kabisa huanza kupungua mapema, bila sisi kugundua. Utakuwa umeshapoteza kipande cha juu. Nota ya mwisho kabisa ya piano, ile ya kulia ambayo karibu hakuna anayeigusa, ni hezi 4,186 tu. Nota zote za muziki bado unazo.

Na mkeo. Hukuniuliza nikuambie nini cha kumwambia, lakini barua yako nusu yake inamhusu yeye, kwa hiyo nitasema. Usimwite sebuleni aje kusikia jinsi besi ilivyotulia. Hapo utakuwa umemwita aje kukagua, na ule mkono ulionyanyuliwa bado anaukumbuka. Nenda wewe jikoni. Mwombe radhi kwa ule mkono, kwa maneno, usimwachie akisie. Kisha kaa humohumo mpaka nyimbo zake za kwenye bilauri ziishe. Ukisikia mkwaruzo, vumilia. Ule wimbo wa uchumba utarudi sebuleni siku atakayotaka yeye, na siku hiyo akiimba juu ya sauti ya mwimbaji ukakosa kusikia pumzi kabla ya ubeti, unayo rekodi, haiendi popote.

Kuhusu amplifaya ya nne: kochi kwanza.

Fundi